Fundi wa Othaya Aliyekataa Kufuta Ahadi Ukutani

Ukungu bado umelala juu ya mashamba ya majani chai, na Wakonyo tayari yuko juu ya ngazi. Amejifunga leso juu ya suruali ya kazi, penseli ameichomeka nyuma ya sikio. Anapitisha brashi ya rangi ya buluu juu ya herufi M, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta baada ya kumwogesha.

Chini ya ngazi amesimama Kinyua, mwanamume wa makamo mwenye koti la ngozi. Ni wakala wa kampeni wa mwakilishi wa wadi, yaani MCA, Mheshimiwa Ndungu. Amekuja na ndoo yake mwenyewe ya rangi nyeupe, jambo ambalo fundi yeyote wa rangi atakuambia ni tusi.

Ukuta wanaobishania ni wa kibanda cha kazi cha Wakonyo, kando ya barabara inayopanda kutoka mji wa Othaya kwenda kijiji cha Kiamwari. Una maneno ya uchaguzi uliopita, ahadi ya maji kwa kila nyumba: NDUNGU MCA. MAJI KILA BOMA. Jua na mvua vilikuwa vimeyapausha, na Kinyua anataka yapakwe nyeupe yatoweke, juu yake paandikwe ahadi mpya ya barabara. Wakonyo hayafuti. Anayafufua.

"Mama Shiku, hii ni kazi ya asubuhi moja," Kinyua anabembeleza. "Unapaka nyeupe, unaandika ile mpya, tunamalizana. Hayo ni maneno ya zamani."

"Ni ya zamani na haijajibiwa. Nikifuta, watu wataniuliza imeenda wapi."

"Wakuulize wewe kwa nini? Kazi ya kuulizwa ni ya mheshimiwa."

Wakonyo anacheka bila kugeuka. "Mheshimiwa atakuwa amefunga dirisha ya gari, Kinyua. Mimi niko hapa kando ya barabara kila siku. Mimi ndio nitaulizwa."

Kinyua anaitazama ndoo yake, anaitazama ngazi, kisha anainama na kuibeba. Anaondoka akinung'unika kwamba wanawake wa siku hizi wamekuwa wagumu. Wakonyo anahamia herufi A.

Ana miaka arobaini na saba, na kazi hii aliirithi kwa babake, mzee Gathogo, aliyeandika mabango ya maduka kutoka Othaya hadi Kiriaini. Akiwa msichana wa shule ya msingi, yeye ndiye aliyekuwa mshika uzi. Babake anaupaka uzi chaki, yeye anaubana upande mmoja wa ukuta, mzee anauvuta na kuuachilia, na mstari mnyoofu unabaki pale ambapo herufi zitasimama.

"Baba alikuwa anasema mstari ikipinda, hata neno ya Mungu inaonekana uongo," anakumbuka.

Mitambo ya kuchapisha mabango imemlia nusu ya kazi. Mwenye duka anapiga simu Nyeri asubuhi, na jioni bango liko mlangoni pake, picha yake ikitabasamu hata siku ambazo yeye mwenyewe hana raha. Wakonyo amebakiwa na makanisa, shule, matangi ya maji, misalaba ya makaburi, na kila baada ya miaka mitano, siasa.

Msalaba mmoja humpa shilingi mia sita, mbao zikiwa za mwenye msiba. Msimu wa kampeni, akijaliwa, humwingizia kile ambacho misalaba ingemwingizia kwa miaka miwili. "Na siwezi omba misalaba ziongezeke," anasema. Wagombea hupenda kuta zake kwa sababu karatasi za kubandika huliwa na mvua ya milimani kabla wiki haijaisha, na zile ambazo mvua imezisamehe huchanwa na wapinzani.

Lakini kuna sababu nyingine, na hiyo ndiyo iliyomtia Wakonyo matatani.

Watu wa Kiamwari wanaujua mkono wake. Siku za kliniki kwenye mlango wa zahanati ameandika yeye. Saa za ibada kanisani ni yeye. Jina la kila aliyezikwa shambani kwake tangu mzee Gathogo aache kazi, ni yeye. Kwa miaka mingi, kilichoandikwa kwa mkono huo kilikuwa kweli. Kliniki ikisemwa ni Jumanne, daktari alipatikana Jumanne. Aliyeandikwa amekufa, alikuwa amekufa.

Basi uchaguzi uliopita ulipofika, na maneno MAJI KILA BOMA yakatokea kwenye kuta za kijiji kwa herufi zile zile za buluu, wengi hawakujisumbua kumchunguza Ndungu. Walikuwa wamekwisha kumwamini mwandishi. Hawakuuliza amefanya nini maishani wala kazi anayoiomba inamruhusu kuleta nini. Ukuta ulisema, na ukuta wa Wakonyo haujawahi kudanganya.

Na maji si jambo la mzaha Kiamwari. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa kilima, na mto Gura unapita chini kabisa bondeni. Ukinyamaza kidogo unausikia unavyonguruma. Maji yanasikika mchana kutwa lakini ya kunywa hupandishwa mgongoni, mtungi ukishikiliwa na mkanda unaopita kwenye paji la uso. Wanawake wazee wa hapa wana alama ya mkanda huo, bonde dogo juu ya nyusi ambalo haliondoki hata wakivaa kitambaa cha kwenda kanisani.

Mmoja wao ni Beth Ngendo, ambaye kijiji kizima humwita Cucu, yaani bibi kwa Kikuyu. Ana miaka sabini na minane na anaishi peke yake. Kusoma si kazi yake sana, lakini mkono wa Wakonyo anautambua akiwa ng'ambo ya barabara.

Ndungu alishinda. Mwaka wa kwanza mtaro wa kulaza mabomba ulichimbwa kando ya barabara. Mwaka wa pili ukaota nyasi. Mwaka wa tatu ng'ombe wa jirani akatumbukia humo akavunjika mguu, na hayo ndiyo yakawa matunda ya mradi.

Asubuhi moja Cucu Ngendo alifika kibandani na mtungi mtupu, akauweka juu ya meza katikati ya makopo ya rangi.

"Nimekuja kuchukua maji," akasema.

"Maji gani, Cucu?"

"Ile uliandika."

Wakonyo alidhani ni utani. Akacheka, akamvutia kiti. Bibi hakuketi.

"Si wewe uliandika kliniki ni Jumanne? Nikienda Jumanne si napata daktari? Si wewe uliandika bwana yangu amekufa? Si amekufa?" Cucu Ngendo alisema yote hayo kwa sauti ya chini, bila hasira. "Ukaandika maji inakuja. Mimi nikapiga kura. Sasa nataka yangu."

Wakonyo alijaribu kueleza kwamba yeye ni fundi tu, alipewa maneno akayaandika. Bibi akasikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua mtungi wake.

"Siku nikikufa, msalaba yangu usiandike wewe. Tafuta mtu mwingine. Watu wakiona mkono yako watasema Ngendo hajakufa, hiyo ni kampeni."

Msomaji wa mbali anaweza kuliona hilo kama neno la kuchekesha, na kijijini walilicheka kweli, siku nyingi. Wakonyo hakulicheka. Katika vijiji hivi mtu huzikwa shambani kwake, na msalaba ndio neno la mwisho ambalo jirani atasoma kukuhusu. Familia zote za kilima hiki zimekuwa zikilikabidhi neno hilo kwa mzee Gathogo na baadaye kwa binti yake. Hakuna aliyewahi kumkatalia.

"Nilifunga kibanda nikalia," anasema. "Si kwa sababu alinisema vibaya. Ni kwa sababu alikuwa amesema ukweli. Pesa ya Ndungu nilikuwa nimekula, na jina ya baba ndio niliuza."

Aliyemkuta akilia ni Naliaka, mwalimu wa shule ya msingi aliyetoka Bungoma, ambaye amepanga chumba nyuma ya kibanda. Wakonyo alitegemea kufarijiwa. Badala yake mwalimu akamwambia kwamba hata yeye alimpigia Ndungu kura kwa sababu ya ukuta ule ule.

"Mikutano yote hapa ni Kikuyu," Naliaka anaeleza. "Mimi nasikia tu watu wakicheka, na mimi nacheka, sijui tunacheka nini. Kwa redio ni Kikuyu, kwa mazishi ni Kikuyu. Ukuta ya Mama Shiku ndio peke yake ilikuwa inaniongelesha Kiswahili. Nikasema, afadhali huyu nimeelewa."

Kwa hiyo ukuta mmoja ulikuwa umempotosha bibi wa kijiji aliyeujua mkono na mgeni aliyeijua lugha. Wakonyo aliposikia hivyo akaona msiba wake umekuwa mara mbili. Naliaka yeye, kwa tabia ya walimu, aliona kazi ya ziada.

"Kuuliza si ujinga," akamwambia. "Shule ikifungwa, twende Nyeri tuulize."

Wakaenda. Wakonyo alivaa nguo ya kanisani. Kwenye ofisi za kaunti walielekezwa mlango huu, wakarudishwa mlango ule, mpaka wakakuta mfanyakazi mmoja mwanamke, mpole, aliyewapa viti na kuwafungulia kitabu cha mipango ya maendeleo. Walitafuta maji ya Kiamwari ukurasa baada ya ukurasa, Naliaka akisoma kwa kidole, Wakonyo akishusha pumzi kila mara kijiji kingine kilipotajwa.

Hayakuwemo. Yule mwanamke aliwaeleza, bila kuwadharau, kwamba mwakilishi wa wadi halazi mabomba. Kazi yake ni kutunga sheria za kaunti, kupigania wadi yake ipate fungu kwenye bajeti na kuangalia pesa zinavyotumika. Mradi kama ule huanza kwa kuandikwa kwenye mpango, na mpango huandikwa baada ya wananchi kuitwa mikutanoni kusema wanachotaka. Mikutano ilikuwa imetangazwa gazetini na kwa machifu. Kutoka Kiamwari hakuwahi kufika mtu.

"Mimi nilienda nikifikiria pesa imeibiwa," Wakonyo anasema, na hapa hawezi kujizuia kutabasamu. "Kumbe hakuna kitu ya kuiba. Hiyo maji haikuwa imeandikwa mahali popote Kenya hii. Ilikuwa imeandikwa kwa ukuta yangu peke yake."

Wakapanda gari la kurudi. Walipofika Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, Naliaka alimwona mwenzake anatazama maandishi ya kila duka wanalolipita na midomo inamcheza, akisoma na kusoma. Kufika Othaya, Wakonyo alikuwa amekata shauri.

Tangu siku hiyo, haandiki ahadi ya mgombea yeyote aliyetuma mtu. Mwenye ahadi aje mwenyewe, mchana, asimame mbele ya kibanda watu wakiwapo. Atamuuliza kama jambo hilo ni kazi ya kiti anachokiomba au ni la ofisi nyingine. Atamuuliza limo kwenye mpango au bado, na kama bado atalipitishia wapi. Atamuuliza pia kazi aliyowahi kuifanya kabla ya kuanza kupendwa na kila mtu. Akiridhika, anaandika, na chini ya ahadi anaacha nafasi tupu yenye upana wa mstari mmoja. Nafasi hiyo ni ya kuandika kilichotokea.

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na wagombea wengi wamezoea kujitembeza. Wa kwanza kuambiwa sharti hilo alidhani anaombwa hongo, akatoa noti. Wa pili alicheka, akaenda kwa fundi wa mji mwingine. Shiku, binti ya Wakonyo anayesomea ushonaji chuoni, alimpigia mamake simu kumwuliza kama nafasi tupu za ukutani zinalipa karo.

"Hazilipi," Wakonyo anakiri. "Nikamwambia tu, Shiku, ukikosa karo utangoja muhula moja. Jina ikienda hairudi."

Aliogopa, hilo halifichi. Majuma mengine hakuandika kitu ila kopo la kuwekea sadaka. Alianza kujiuliza kama hajajifanya shujaa mbele ya watu ambao wenyewe hawajali, maana Cucu Ngendo aliendelea kupita barabarani na mtungi wake bila kumsalimia. Ndipo alipochukua rangi ya buluu akapanda ngazi kuyafufua maneno ya Ndungu, asubuhi ile Kinyua alipomkuta. Kama ahadi haina jibu, aliwaza, basi angalau isipauke.

Hakuna kilichomchoma Ndungu kuliko ule ubuluu mpya. Maneno ya zamani yaliyopauka hupitwa na macho. Yakipakwa upya, hata aliyekuwa ameyasahau anaegesha mkokoteni na kuyasoma. Siku ya soko ya wiki iliyofuata, mheshimiwa mwenyewe alishuka garini mbele ya kibanda, Kinyua nyuma yake, safari hii bila ndoo.

Ndungu ana miaka arobaini na kidogo, mtu wa kucheka upesi na kushika mikono ya watu kwa mikono yote miwili. Alianza kuwasalimia waliokusanyika kwa Kikuyu, utani mmoja, wa pili, watu wakacheka.

"Mheshimiwa, Kiswahili tafadhali," Naliaka akaomba kutoka nyuma. "Tuko wengi hapa." Mutuku, askari kutoka Machakos aliyekuwa akinunua viazi, akatikisa kichwa kukubali.

Ndungu akageuza lugha. Akasema amekuja kwa heshima kumwomba Mama Shiku aandike ahadi ya barabara, kwa sababu maendeleo ni kusonga mbele. Wakonyo akamjibu kwamba ataandika, lakini kuna mtu ana swali kuhusu hii ya kwanza.

Cucu Ngendo alikuwa ameketi mbele juu ya kreti ya soda, mtungi miguuni pake. Ni Naliaka aliyekuwa amesikia kwamba Ndungu anakuja, akamwendea bibi nyumbani asubuhi na kumbembeleza aje.

"Ndungu, mimi sina maneno mingi," akasema. "Maji yangu iko wapi?"

Mheshimiwa akaanza na ukame. Akapitia uchumi, akawagusa maadui wa maendeleo ambao hakuwataja.

"Sijauliza hiyo," bibi akasema.

Watu wakacheka, na kicheko kilipokwisha mto Gura ukasikika kutoka bondeni. Ndungu alitazama ukutani, akatazama paji la uso la yule mama mzee, na ule wepesi wa kucheka ukamtoka usoni.

"Cucu, nilisema kitu sikuwa nimeuliza," hatimaye akasema. "Nilifikiria nikishinda nitaambia watu wa maji na watakuja. Nikaingia nikapata haiko kwa mpango, na mimi siwezi kuilazimisha. Huo mtaro nilichimbisha nikifikiria pesa itafuata, haikufuata. Nikaona haya kurudi kuwaambia."

Huenda huo ulikuwa unyenyekevu, huenda ulikuwa hesabu ya kura. Mwanasiasa hana dirisha kifuani ukachungulia. Lakini aliyasema mchana, kwa lugha iliyoeleweka na wote, mbele ya mtu aliyemwahidi.

Wakonyo hakupiga makofi. Alipanda ngazi na brashi nyembamba, na chini ya MAJI KILA BOMA akaandika kwa herufi ndogo: HAYAKUJA. HAYAKUWA KWENYE MPANGO. AMESEMA MWENYEWE. Kisha akageuka.

"Nimeandika sawa, mheshimiwa?"

Ndungu alisoma akikunja uso. "Sawa," akasema.

"Sasa hiyo ya barabara. Iko kwa mpango?"

Ndungu akayatazama tena yale maneno madogo, na baadhi ya waliokuwapo wanaapa kwamba hapo ndipo walipompenda kidogo. "Acha kwanza hiyo," akasema. "Nikaulize."

Badala yake aliwapa kitu kingine, nacho Wakonyo akakiandika kwa herufi kubwa kuliko zote: siku na mahali pa mkutano ujao wa wananchi kutoa maoni ya bajeti. Hakuna aliyekuwa akiijua siku hiyo. Wakonyo akaiandika pia kwenye mlango wa kinu cha kusaga mahindi na kwenye ukuta wa bucha, bure. Wanawake wa Kiamwari walijaa mkutanoni mpaka viti vya shule vikaisha. Walizungumza kuhusu maji mmoja baada ya mwingine, na kwa mara ya kwanza jina la kijiji chao likaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano kama watu wanaoomba maji kutoka Gura.

Kuandikwa si kuletwa, na Wakonyo ni mtu wa mwisho kulisahau hilo. Lakini kuna mabadiliko unayoweza kuyaona ukikaa naye mchana mmoja kibandani.

Siku chache baada ya Ndungu, alifika Nyawira, muuguzi mstaafu anayekitaka kiti hicho hicho, akiwa peke yake na bahasha ya vyeti vyake chini ya kwapa. Alisema hawezi kuahidi maji. Anaweza kuahidi kuhudhuria kila kikao cha bajeti na kurudi siku ya soko kusema kilichoamuliwa. Mtu mmoja akamwuliza kama alipokuwa zahanati alikuwa akifika kazini mapema, na wanawake watatu waliojifungulia mikononi mwake wakalijibu swali hilo kabla yake. Wakonyo akaandika ahadi yake kando ya ile ya Ndungu, ukubwa uleule wa herufi, akaacha nafasi tupu. Wagombea wengine wawili wameuliza zamu yao.

"Mimi siambii mtu achague nani," Wakonyo anasisitiza. "Hiyo si kazi yangu. Kazi yangu ni mtu akisimama hapa asome kitu yenye mgombea mwenyewe ameulizwa mbele ya watu. Akitoka hapa aende akachague hata shetani, lakini amchague akimjua."

Naliaka anasema wanafunzi wake wameanza kumwuliza kwa nini ubao wa darasani hauna nafasi tupu chini ya ratiba ya chakula. Yeye sasa ndiye anayesahihisha maandishi ya Wakonyo kabla ya rangi kukauka, na Wakonyo ndiye anayemtafsiria utani wa mikutanoni. "Kumbe nyingi haikuwa inachekesha," mwalimu anasema.

Kazi imeanza kurejea. Kanisa limeagiza ubao mpya, na Shiku hatangoja muhula. Lakini macho ya Wakonyo yako ng'ambo ya soko, kwenye ukuta mrefu wa ghala la zamani la kahawa. Kamati inayolisimamia imemkubalia. Kabla ya uchaguzi wa mwaka ujao anataka kuujaza wagombea wote wa wadi, kila mmoja na kazi aliyowahi kuifanya, alichoahidi na alichojibu, Kiswahili juu na Kikuyu chini. Chokaa ameshanunua. Uzi wa chaki ni ule ule wa babake.

"Na nafasi nitaacha kubwa," anasema. "Miaka tano ni mrefu."

Alasiri ya mwisho ya mazungumzo yetu, anasimama mbele ya kibanda akiosha brashi kwa mafuta ya taa. Barabarani anatokea Cucu Ngendo, anapanda pole pole kutoka mtoni, mkanda kwenye paji la uso, mtungi mgongoni ukidondosha matone. Anapofika kwenye ukuta anasimama. Wakonyo anakimbia kumtua mzigo, na safari hii bibi anakubali kutuliwa.

Anautazama ukuta muda mrefu. Anaomba asomewe tena yale maneno madogo, na Wakonyo anamsomea. Halafu anaweka kidole kwenye nafasi tupu iliyo chini ya jina la Nyawira.

"Hapa mbona hakuna kitu?"

"Hapo ni ya baadaye, Cucu. Nitaandika vile itatokea."

"Hata kama ni mbaya?"

"Hata kama ni mbaya."

Cucu Ngendo anaitikia kwa kichwa. Anajifunga tena mkanda, anauinamia mtungi, na Wakonyo anamsaidia kuuinua.

"Basi msalaba yangu utaandika wewe," anasema, tayari akianza kupanda. Hatua chache mbele anasimama, bila kugeuka kwa sababu mzigo haumruhusu. "Lakini usitafute mbao saa hii. Nataka kwanza nikuone ukijaza hiyo nafasi."